Haki ya Kucheza Vibaya

Kwenye Crip Camp kuna mechi ya besiboli ambayo nimeirudia mara nyingi kuliko goli lolote la Arsenal. Ni mwaka 1971, milima ya Catskill, jimbo la New York, katika Camp Jened, kambi ya kiangazi ya vijana wenye ulemavu. Wachezaji wengine wako kwa viti vya magurudumu, wengine kwa magongo, wengine mikono yao inaenda kule ambako haijatumwa. Mpira unarushwa na wengi wanaukosa. Hakuna anayewapigia yale makofi ya huruma, yale ya polepole ya kanisani mtoto akisahau mstari wa kukariri. James LeBrecht, ambaye alikuwa na miaka 15 wakati huo na ambaye miaka mingi baadaye aliiongoza filamu hii pamoja na Nicole Newnham, anaeleza kwamba nyumbani hakuna timu ambayo ingemchagua mtu kama yeye. Jened hapakuwa na kuchaguliwa. Zamu yako ikifika, unaingia unashika gongo.

Zamu ndiyo kitu ambacho filamu nyingi kuhusu ulemavu na michezo hazikijui. Zinajua ushindi, zinajua machozi, zinajua fizio anayekuhesabia moja mbili tatu. Nimecheki tatu kati ya zile maarufu kwa wiki mbili mfululizo, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na nina ugomvi nazo.

Niseme kwanza nimesimamia wapi. Nina mtindio wa ubongo, ule wa upande mmoja. Mguu wa kushoto unaburuta, na mkono wa kushoto hujikunja nikifurahi na hujikunja nikiogopa, kwa hivyo hauwezi kuniwekea siri. Shule ya msingi, kipindi cha PE kilipofika, kazi yangu ilikuwa kulinda masweta ya wenzangu. Nilikuwa mlinzi hodari. Miaka minane, sweta moja tu lilipotea. Wengine walipewa mpira, mimi nikapewa mazoezi: kila Jumamosi asubuhi, mkeka wa bluu unaonuka dawa, mtu mzima anavuta kisigino changu hadi nione nyota, mama amekaa pembeni ananiambia vumilia mwanangu, ni kwa faida yako.

Sasa, mazoezi na mchezo si kitu kimoja, na Kiswahili kinalijua hilo kuliko hao watengeneza filamu. Zoezi limetoka kwa kuzoea. Ni kuufundisha mwili utii. Lakini kucheza! Harusini tunacheza, uwanjani tunacheza, jino linacheza kabla halijang'oka, jicho linacheza halafu nyanya anakwambia kuna mgeni anakuja, usukani wa mathree unacheza na dere hajali. Kitu kinacheza kikiwa na nafasi ya kwenda kusikotarajiwa. Mguu wangu hucheza wenyewe usiku nikiwa nimelala, na kwa miaka mingi kila mtu aliyelipwa kuutazama alitaka uache.

Rising Phoenix, iliyoingia Netflix mwaka 2020, haiko upande wa mazoezi wala wa mchezo. Iko upande wa medali. Wakurugenzi wake, Ian Bonhôte na Peter Ettedgui, wanajua kupiga picha, hilo siwanyimi. Jasho linadondoka polepole. Muziki unapanda. Bebe Vio wa Italia, aliyekatwa mikono na miguu akiwa na miaka 11 kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo, anashinda dhahabu ya mchezo wa upanga Rio 2016 na anapiga ukelele ambao kama una moyo wa nyama utakushtua. Ni filamu inayotaka uishiwe na pumzi, na unaishiwa.

Lakini tazama venye kila hadithi imefungwa kwa kamba moja: msiba, giza, kisha jukwaa la washindi. Jean-Baptiste Alaize, mrukaji wa Ufaransa, alizaliwa Burundi. Alikatwa kwa mapanga akiwa na miaka mitatu wakati wa vita, mama yake akauawa, yeye akapoteza mguu. Hadithi kama hiyo inahitaji filamu yake peke yake, na ingefaa mtu aisimulie kwa Kirundi bila haraka. Hapa inapewa dakika zake halafu tunarudishwa uwanjani, kwa sababu kwa filamu hii jeraha ni mafuta ya kuendeshea mbio tu. Mtu pekee ninayemwona amekuja kucheza ni Matt Stutzman, Mmarekani asiye na mikono anayepiga mishale kwa miguu. Huyo msee ni mtani. Anafurahia upuzi wa hali yake. Baadaye, Paris 2024, alishinda dhahabu, lakini hapa bado hajaishinda na hilo halimpunguzii kitu. Akiwa kwa skrini filamu inapumua.

Nilipomaliza kuicheki sikusikia hamu ya kutoka nje. Nilisikia uchovu. Ilikuwa kama kuonyeshwa picha za bangalo ya Runda ukiwa unadaiwa kodi ya bedsita. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu bilioni 1.3 wenye ulemavu. Paris 2024 walienda wanariadha takriban 4,400. Sisi wengine wote, tukitaka kutokwa jasho kidogo Jumapili na tucheke, filamu yetu iko wapi? Shirika hilohilo lilitoa mwongozo mwaka 2020 unaosema mtu mzima mwenye ulemavu naye anahitaji dakika 150 hadi 300 za kuushughulisha mwili kila wiki, kwa kiwango cha wastani. Sawa, naelewa, moyo ni moyo na kisukari hakiulizi nani anachechemea. Lakini ni nani atafanya dakika 150 kwa wiki za kitu anachokichukia, maisha yake yote? Hili si swali la sanaa tu. Watu kama mimi tunaacha mazoezi siku ile mama anapoacha kutupeleka. Mimi niliacha nikiwa na miaka 16, na misuli ya paja ikaanza kukaza taratibu, na hakuna hotuba iliyonirudisha kwa ule mkeka.

Kitu kinachoniuma zaidi kuhusu Rising Phoenix ni kwamba ina hadithi nzuri mkononi na inaipitia kwa heshima mno. Inamsimulia Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939, na mwaka 1944 akapewa wodi ya walioumia uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Zama hizo aliyepooza kutoka kiunoni alihesabiwa maiti inayosubiri siku. Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ya London ilipofunguliwa, Guttmann aliandaa shindano la mishale la wanajeshi wa zamani 16, wanaume 14 na wanawake wawili. Ndiyo mbegu ya Paralimpiki. Hiyo ni simulizi ya sanamu na mashada ya maua. Mimi napenda ile nyingine. Inasimuliwa kwamba kabla ya mishale, Guttmann aliwakuta wagonjwa wake nje ya wodi wakizungusha viti vyao kwa kasi, wamegeuza bakora juu chini, wanagombania kisahani. Hakuna aliyewatuma. Walikuwa wameboeka tu. Daktari aliona, hakuwafukuza, akaupa mchezo wao sheria, ikawa polo ya viti vya magurudumu. Baadaye polo hiyo ikaonekana ni hatari, ikaachwa. Bila shaka.

Yaani wagonjwa walianza kucheza kwanza, tiba ikawafuata nyuma. Nipe filamu ya hao wagonjwa na bakora zao.

Ya karibu zaidi niliyoipata ni Murderball, ya 2005, ya Henry Alex Rubin na Dana Adam Shapiro. Ni kuhusu raga ya viti vya magurudumu, mchezo uliobuniwa Winnipeg, Kanada, miaka ya sabini na watu waliopooza mikono na miguu, ambao mpira wa vikapu uliwashinda kwa sababu ya vidole. Kwa hivyo wakatunga wao, wakaruhusu viti vigongane. Viti vyenyewe vimepigwa mabati kama mkokoteni wa Gikomba ulioenda vitani. Sauti ya vyuma vikigongana ndiyo muziki wa filamu hii, na wanaocheza wanaipenda sauti hiyo kwa uroho usiofichika. Miaka yote watu wamewashika kama mayai. Sasa wamepata pahali pa kugongwa.

Sheria moja ya mchezo huu nimeiwaza sana. Kila mchezaji anapewa pointi kulingana na uwezo wa mwili wake, kuanzia 0.5 kwa mwenye mwili mgumu zaidi hadi 3.5. Wanne walio uwanjani wakijumlishwa wasizidi 8. Maana yake huwezi kujaza timu na wenye nguvu peke yao. Ukitaka kuwaingiza mabwana wawili wa 3.5, hesabu inakubakishia pointi moja tu ya kugawa, na hapo utamhitaji sana yule wa 0.5 ambaye shuleni angelinda masweta. Hapendelewi. Bila yeye timu haikamiliki. Kuna serikali nzima ndani ya hesabu hiyo.

Udhaifu wa Murderball ni kwamba inaogopa sana tusije tukawadhania hawa si wanaume. Tunaelezwa venye wanalala na wanawake, tunaonyeshwa tatuu, bia, matusi, ubabe wa Joe Soares, nyota wa zamani wa Marekani aliyeachwa na timu akaenda kuwafunza Kanada ili alipize. Wanawake wako pale kuuliza maswali na kushangilia. Mchezo wa furaha unageuzwa cheti cha uanaume, na hapo nusu yetu tunabaki nje tena. Halafu Athens 2004 New Zealand ikachukua dhahabu, Kanada fedha, Marekani ikarudi na shaba, na kusema kweli sikujali hata kidogo. Nilichojali ni Keith Cavill. Ni kijana aliyevunjika shingo kwenye pikipiki ya mashindano, filamu inamfuata akiwa mgonjwa mpya, uso umekufa, kila kitu anachofundishwa ni kidogo na kichungu. Siku moja Mark Zupan anakuja kuwaonyesha wagonjwa kile kiti cha raga. Keith anaingia ndani. Anataka kumgonga mtu. Hataki kutoka. Katika muda wote wa ile filamu hakuna dawa iliyomfanyia vile.

Huku kwetu tuna nini? Tuna kauli. Ulemavu si kutoweza. Imeandikwa kwa fulana, inasomwa redioni, mheshimiwa anaisema akikabidhi viti vitano mbele ya kamera saba. Mimi kauli hiyo inanichosha, kwa sababu kuna vitu siwezi. Siwezi kuruka kamba. Siwezi kudandia mat ikiwa inatembea, na konda anajua, ananiangalia venye mtu anaangalia mzigo usiolipiwa. Raha ya ile mechi ya Jened ni kwamba watu hawawezi kucheza besiboli na wanacheza besiboli. Filamu haiwaombi wathibitishe chochote.

Na hata lugha, pamoja na sifa nilizoimwagia, ina lake. Kiwete, kipofu, kiziwi, kilema: zote ziko pamoja na kiti, kijiko na kikombe. Kweli kuna kijana na kiongozi pia, na upatanisho unaweza kuokolewa, mtu akasema kipofu amekuja. Lakini ukikua ukiitwa hivyo uwanjani hauhitaji mwalimu wa sarufi akufafanulie.

Kenya ina wanariadha wa kujivunia, sitaki mtu anielewe vibaya. Henry Wanyoike wa Kikuyu alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, na Sydney 2000 alishinda dhahabu ya mita 5,000 huku mwelekezi wake ameishiwa nguvu, ikabidi asiyeona amvute anayeona hadi kwenye utepe. Wajerumani walimfuata kwa filamu iitwayo Gold, ya 2013. Samson Ojuka alituletea fedha ya kuruka umbali Paris 2024, medali yetu ya pekee. Lakini nikisoma venye tunawaandika, kila mara ni shujaa aliyeshinda masaibu. Sijawahi kusoma mahali mtu akimuuliza Wanyoike swali rahisi: kukimbia ukiwa umefungwa kamba moja na rafiki yako, huoni kitu, upepo usoni, inasikika namna gani? Si lazima iwe tamu. Nataka tu kujua.

Nauliza kwa sababu utamu wa mwili niliupata nikiwa mkubwa, na niliupata kwa bahati. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Sababu ilikuwa karo, ingawa ngazi za hadi ghorofa ya nne zilichangia uamuzi. Mwaka huo binamu yangu akanichukua tukakae Mombasa kidogo, na Jumapili moja akanipeleka Jomo Kenyatta Public Beach, ile watu wote wanaita Pirates. Pale vijana wanakodisha tyubu za magurudumu ya lori. Unaingia katikati, makalio yako kwenye shimo, mikono na miguu nje, unakuwa kama andazi kwenye karai. Baharini mguu wangu hauburuti, maana hakuna chini ya kuburutia. Mkono ulijikunja kwa furaha na haukumsumbua mtu. Wimbi likanigeuza, nikameza maji ya chumvi, binamu akacheka hadi akashikwa na kwikwi, nikarudi tena ndani. Saa mbili na nusu. Kesho yake paja lililokuwa limekaza miaka sita lilikuwa linauma vizuri.

Nairobi si rahisi hivyo. Bwawa moja karibu na tunapoishi lina ngazi ya chuma inayotaka mikono miwili yenye akili, na mlinzi wa bwawa aliniuliza kama nimebeba barua ya daktari. Ya kuogelea! Kuna wenye mabavu watasema nidai haki, na haki ipo: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikuwa na kifungu kinachoturuhusu kutumia viwanja na vituo vya michezo vya serikali bila malipo, kabla ya sheria mpya ya 2025 kuchukua nafasi yake. Mimi nimelipia miaka yote, hakuna aliyewahi kunitajia hicho kifungu, na nina hakika jamaa wa getini pia hakijui. Kwa hivyo nikikosa pesa ya bwawa nacheza nyumbani. Naweka kiti cha plastiki katikati ya chumba, nachagua mixi ndefu ya gengetone, nacheza nimekaa, mabega, kiuno, mguu mmoja. Jirani wa chini amelalamika mara mbili. Ni noma kuelezea venye hayo malalamiko yalinifurahisha: mwaka wangu wa ishirini na nne ndio kwanza mtu alinishtaki kwa kupiga kelele na miguu.

Hapa ndipo nina neno na Crip Camp, ambayo naipenda kuliko zote. Nusu yake ya pili inaondoka kambini na kwenda kwa siasa. Judith Heumann, aliyekuwa mmoja wa walezi wa kambi, na wenzake zaidi ya mia moja wanaingia jengo la serikali San Francisco Aprili 1977, wanalala sakafuni zaidi ya siku 20, Black Panther wanawaletea chakula, mpaka kanuni za Kifungu cha 504 zikatiwa sahihi tarehe 28 Aprili. Ni historia kubwa na imesimuliwa kwa nguvu. Wahakiki wengi waliisifia sehemu hiyo, kana kwamba kambi ilikuwa dibaji na mambo ya maana yakafuata. Mimi naona kinyume. Tazama ile meza ya kambini ambapo vijana wanazungumza juu ya wazazi wao, na binti mmoja ambaye maneno yake yanatoka kwa shida kubwa anachukua zamu yake. Wote wananyamaza. Wanasubiri. Hakuna anayemmalizia sentensi. Wale waliolala kwenye sakafu ya San Francisco walikuwa wamejifunza hapo, na kwenye uwanja wa besiboli, kusubiriana. Serikali ilidhani watachoka upesi.

Ila baada ya hapo filamu yenyewe inasahau kucheza. Miili tunayoiona inakaa, inaandamana, na mwaka 1990 inatambaa kwenye ngazi za bunge la Washington. Kambi ilifungwa 1977 kwa ukosefu wa pesa, na mwishoni wazee wachache wanarudi pale ilipokuwa na wanalia. Sawa. Lakini hao watu waliishi miaka arobaini kati ya hapo. Walikuwa wakifanya nini Jumapili? Nani alikuwa anaogelea, nani alikuwa anacheza dansi kwenye kiti jikoni, nani aliacha kabisa? Filamu inaufanya mchezo kuwa kitu cha ujana, kumbukumbu tamu ya kukulia siasa. Mimi niko na miaka ishirini na kitu, paja linakaza, na nilitaka kuona mtu wa miaka hamsini mwenye mwili kama wangu akifanya upuzi majini.

Pamoja na hayo, ukicheki moja tu, cheki hiyo. Crip Camp yote iko YouTube bila malipo, kwenye chaneli ya Netflix wenyewe, na haifiki saa mbili. Bundle ya usiku inatosha. Rising Phoenix inataka uwe na akaunti, au rafiki mwenye akaunti. Murderball itabidi umuulize yule jamaa wa muvi wa mtaani kwenu, na umwandikie jina kwa karatasi, maana wangu alisikia vibaya akanipa ya zombi.